Mstari Niliouchora Nimekaa

Joanitha wa ofisi ya Bukoba ameniomba niandike machache kuhusu kazi, ili wanaoajiriwa sasa wasome. Nikamuuliza watasoma saa ngapi, maana kila nikipita pale nawakuta wameinamia simu. Akasema, "Ndiyo maana, Ta Projestus. Tutawatumia humo humo kwenye simu." Sawa. Soma humo humo, lakini kwanza tafuta mahali ukae, kwa sababu mimi sijui kufupisha.

Mimi ni Projestus, mtu wa Kanazi; hiyo "Ta" ni heshima ya Kihaya kwa mwanamume, kama "Ma" kwa mwanamke. Nimekuwa bwana shamba wa kahawa kwa miaka thelathini na mitatu, na ile ya mwisho nilihudumia vyama vya msingi vya Muleba, hasa Kagoma. Nimestaafu mwaka huu. Vyeo nilivyopewa havina cha kumfundisha mtu, kwa hiyo naviruka. Barua zake ninazo kabatini na panya anaendelea nazo.

Siku ya kwanza nilifika ghalani na viatu vilivyong'aa na cheti ndani ya faili. Niliyemkuta pale alikuwa Ta Laurian, mzee aliyepokea kahawa ya wakulima tangu mimi sijazaliwa. Aliangalia viatu, akanipitisha kwenye vibanja vinne mfululizo baada ya mvua, yaani mashamba yetu ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Tuliporudi viatu havikuwa tena na la kusema. Ndipo akanipa bambo, kile chuma cha kuchomea gunia ili kahawa itoke uione bila kulifungua, akaniambia nianze upande wa chini wa gunia, kwa sababu juu kila mtu anaweka nzuri.

Nilimuuliza tunapimaje unyevu. Akachukua tunda kavu la kahawa, akalitikisa sikioni, akaling'ata. Nikauliza kama hakuna kipimo. "Kipo," akasema. "Kimeharibika wiki ile ile walipokileta." Kwa hiyo nikang'ata kahawa kutoka kila gunia mpaka jioni. Usiku ule nyumbani walipika ndizi na samaki, sikusikia ladha ya chochote. Lakini baada ya miezi sita niliweza kukutajia unyevu wa kahawa kwa meno, na nyie wenye vipimo vya betri siku betri ikiisha mnakaa tu.

Ta Laurian ndiye aliyenifundisha kuingia kwenye kibanja cha mtu. Unasalimia kwanza. Unapewa akamwani, zile punje za kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, unatafuna. Unauliza habari za wagonjwa. Kahawa unaiulizia wakati wa kuondoka, umeshasimama, kana kwamba umeikumbuka sasa hivi. Kijana mmoja tuliyefanya naye kazi alizoea kuanza na kahawa. Wakulima walimjibu kila alichouliza, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kweli.

Alinifundisha pia mipaka. Kwetu mpaka wa kibanja ni mlamula, ule mmea wa majani marefu ambao ukichomekwa ardhini hautoki tena mpaka wajukuu. Ukitaka kujua shamba la mtu linaishia wapi, tafuta milamula, usisikilize maneno. Na jambo la mwisho alilonisisitizia ni hili: usipime shamba la mtu aliyefiwa. Siku za matanga jembe halishikwi, na mwenye kamba ya kupimia akionekana kwenye kibanja chenye msiba, watu hawaoni bwana shamba. Wanaona mtu anayegawa mirathi, na marehemu hata udongo wake haujakauka.

Mashauri magumu yalikuwa mengi. Ulipokuja ugonjwa wa mnyauko wa kahawa, kazi yangu ikawa kuwaambia watu wang'oe mibuni waliyorithi kwa babu zao na kuichoma moto. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu sana, kisha akaniletea panga. "Anza wewe," akasema. Nikakata mbuni wa kwanza. Yeye akakata wa pili, tukaendelea hivyo mpaka saa nane. Toka siku hiyo sikumwambia tena mkulima kata bila kuanza mwenyewe. Kwenye taarifa niliandika tu "elimu imetolewa".

Miaka ikaenda. Kamba ya futi ikaondoka, kikaja kidude cha kusoma mahali ulipo, kikubwa kama sabuni ya mche, halafu nacho kikaondoka ikabaki simu. Na kwenye simu hiyo ndipo tuliposikia kwamba Ulaya wametunga sheria. Kahawa itakayoingia kwao lazima ijulikane imetoka shamba gani, na shamba hilo liwe halikukatiwa msitu tangu mwisho wa mwaka 2020. Anayeagiza kahawa huko ndiye anayebanwa na sheria, na yeye akatubana sisi.

Niliitisha mkutano Kagoma kuwaeleza wanachama. Nikawaambia kwamba kuna setilaiti zinapiga picha kutoka juu, halafu akili mnemba inalinganisha picha ya zamani na ya sasa. Pale ilipokuwa inaona majani ya miti na sasa haioni, inapaka rangi nyekundu. Mzee mmoja akauliza kama hao watu wananunua kahawa au wananunua shamba. Nikasema kahawa. Mwingine akauliza misitu yao wenyewe iko wapi. Nikamwambia swali hilo halimo kwenye fomu. Wakaridhika, au walikuwa na njaa, kwa sababu mkutano uliisha hapo.

Upimaji wenyewe si kazi ngumu. Unashika simu, unatembea na mkulima kwenye mpaka wake, kila kona unasimama na kubonyeza. Ukirudi ulipoanzia, simu inafunga mstari na shamba linaonekana. Nilizunguka vibanja vingi sana. Nilifukuzwa na nyuki mara mbili, na bata mzinga mara moja, na huyo bata mzinga ndiye ninayemkumbuka. Fomu ilikuwa na tarehe yake ya kufungwa, na ofisi ilikuwa inanipigia kila asubuhi kuuliza vimebaki vingapi. Ikafika mahali nikawa najibu: kimoja.

Hicho kimoja kilikuwa cha Ta Kahigi. Alikuwa mkulima mtaratibu, mbuni wake ukiuona unajua umepogolewa na mtu asiye na haraka. Tulikuwa tumepanga siku. Nilipofika nikakuta turubai limefungwa uani na watu wamekaa chini yake. Ta Kahigi alikuwa amefariki usiku ule kwa presha. Nikaiweka simu mfukoni, nikakaa na wenzangu, nikampa pole mjane wake, Ma Leokadia. Alikuwa na mabinti wawili, mkubwa muuguzi Mwanza, mdogo bado anasoma. Mtoto wa kiume hawakujaliwa.

Tulimzika kibanjani kwake, kati ya migomba, kama inavyotakiwa. Siku ya tatu nilikuwa bado pale, na ofisi ilikuwa bado inapiga. Kupima nisingeweza, matanga hayajaanuliwa. Kumwambia mtu wa ofisini kwamba kuna matanga niliweza, na nilimwambia, akanijibu kwamba mfumo unafungwa Ijumaa. Hapo ndipo nikafanya nilichofanya. Simu ile inakuruhusu kuchora mpaka kwa kidole juu ya picha ya setilaiti, bila kutembea. Nikaishusha chini ya magoti kama mtu anayesoma ujumbe, nikatafuta paa la nyumba, nikafuata kijani mpaka kijani kilipoisha. Jina la mkulima nililiacha vile vile, Kahigi, kwa sababu kulibadili kungenilazimu kuuliza nani anarithi, na hilo nalo haliulizwi kwenye matanga. Yote ilichukua dakika nne. Kisha nikaletewa sahani ya ndizi na maharage, nikala.

Nilijiona mtu mwenye busara. Mila nimeiheshimu, ofisi nimeiridhisha, na hakuna aliyeniona.

Ulipita mwaka na miezi kadhaa. Msimu wa kahawa ulipoanza, mnunuzi akatuma ujumbe kwamba kati ya mashamba ya chama cha Kagoma kuna moja jekundu, na maadamu kahawa ya wanachama inachanganywa ghalani, hatapokea mzigo wowote wenye kahawa ya shamba hilo. Namba ilikuwa ya marehemu Kahigi. Mwenyekiti wa chama, Ta Rweyongeza, si mtu mbaya, lakini ana wanachama wengi na kifua kimoja. Akaisimamisha ile namba. Ma Leokadia akafika ghalani na magunia yake juu ya pikipiki, akarudishwa nayo mbele ya watu.

Hilo peke yake lingetosha. Lakini shemeji yake, Ta Mutabuzi, mdogo wa marehemu, akazipata habari kabla hata pikipiki haijafika nyumbani. Alikuwa amekitolea macho kile kibanja tangu siku ya maziko. Sasa akaitisha kikao cha ukoo, Jumamosi ya wiki ya pili, na ajenda akaitangaza barabarani: mke wa kaka yangu amekata miti ya ukoo, ameharibu shamba, Ulaya yenyewe imemwona. Aende akakae na binti yake Mwanza, kibanja kirudi kwa wenyewe.

Nilikwenda kumwona Ma Leokadia. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha kumenya.

"Ta Projestus, mimi nimekata msitu gani?"

"Hujakata msitu, Ma."

"Basi mwambie."

"Nimwambie nani?"

"Huyo aliyeniona."

Nikamwambia kwamba aliyeona si mtu, ni mashine. Akafikiri. "Mashine imeona nyumba yangu, ikaona shamba langu, haikuona kwamba nimefiwa?" Nikasema hiyo haioni. Akachukua ndizi nyingine.

Mimi nilikuwa na uhakika najua kosa liko wapi. Mwaka uliopita mnyauko wa migomba ulimwingilia, na sisi wenyewe, mabwana shamba, tukamwamuru ang'oe nusu ya migomba yake nyuma ya nyumba na kufukia. Nikaona ni wazi kabisa: mashine imeona migomba imetoweka, ikadhani ni msitu. Nikakasirika sana. Nilipiga picha mahali palipofukiwa migomba, nikaandika maelezo ya kurasa mbili, Joanitha akayatia Kiingereza na kuyatuma kwenye ule mfumo. Jibu likaja: maelezo yamepokelewa, hayalingani na eneo lililobainishwa. Nikaandika mengine, makali zaidi. Jibu likaja lile lile, mapema zaidi. Mtu ukimwandikia mara mbili atachoka au atakuonea haya. Mashine haichoki kukukatalia.

Zikabaki siku nne kabla ya kikao. Nikapanda basi kwenda Bukoba.

Joanitha ndiye mwenye kutunza ramani zote za mashamba pale ofisini. Ni mama wa watoto wawili, anakaa Kitendaguro, na ana tabia ya kukuuliza swali moja tu na kusubiri. Alilifungua shamba la Kahigi kwenye kioo kikubwa. Mimi nilianza kuitukana mashine toka mlangoni.

"Ta, nionyeshe migomba ilikuwa wapi," akasema.

Nikamwonyesha, nyuma ya paa, upande wa juu.

"Nyekundu iko huku chini."

Nikavaa miwani. Kweli nyekundu ilikuwa chini, ukanda mrefu upande wa rweya, kule kwenye nyasi za wazi. Nikatafuta njia ya miguu inayotenganisha kibanja cha Kahigi na rweya, ile njia ambayo nimeipita mara zisizohesabika. Nikaiona. Ilikuwa ndani ya mstari wangu. Na ng'ambo ya njia hiyo kulikuwa na misonobari, nayo pia ilikuwa ndani ya mstari wangu, kwa sababu kutoka juu, na kutoka kwenye benchi la msiba, misonobari na migomba na mibuni vyote ni kijani kimoja. Misonobari ile ilikatwa. Pamelimwa maharage.

Joanitha akauliza, "Ulipita hapa kwa miguu?"

Katika miaka thelathini na mitatu niliulizwa maswali mengi na wakaguzi waliovaa suti. Hakuna lililonibana kama hilo. Nikasema, "Nilikaa."

Alibonyeza mahali, kikatokea kitu ambacho sikujua kama kipo. Shamba la jirani lilikuwa na nukta zilizosambaa kuzunguka mpaka, na limepimwa kwa nusu saa na zaidi. La Kahigi lilikuwa na dakika nne, na simu haikusogea hata hatua moja. Mashine ilikuwa imeandika kwamba nimekaa. Iliandika toka siku ile ile, isipokuwa hakuna mtu aliyeisoma.

Niliona aibu, wanangu. Si ile ya kuchekwa, hiyo nimeizoea. Nilikuwa nimekwenda kumtazama mjane usoni nikamwambia kwamba mashine imekosea. Mashine haikukosea. Miti ilikatwa pale ilipoonyesha. Aliyemwingiza Ma Leokadia kwenye miti ya mtu mwingine ni mimi, kwa kidole, nikisubiri chakula.

Joanitha akavuta kiti. Akasema taratibu, "Ta, naweza kuufuta nikachora mwingine hapa hapa. Picha tunayo, njia tunaiona. Dakika mbili. Umebakiza wiki sita kustaafu."

Sitawadanganya kwamba nilikataa mara moja. Niliangalia kile kioo muda mrefu. Ingekuwa rahisi, rangi ingeondoka, mnunuzi angepokea kahawa. Lakini Jumamosi ukoo ungekaa, na neno ambalo limeshatamkwa barabarani kwamba mwanamke huyu amekata miti halifutwi na kompyuta ya Bukoba. Na tungekuwa tumechora tena tumekaa, safari hii wawili.

"Usifute," nikasema. "Jumamosi tunakwenda wote. Vaa viatu vya matope."

Kikao kilifanyika uani kwa marehemu. Ukoo ulikuja wa kutosha, na mwenyekiti Ta Rweyongeza alialikwa kama shahidi wa zile habari za Ulaya. Aliyekaa mahali pa heshima ni Ma Paskazia, shangazi wa marehemu, bibi mwenye umri ambao hakuna anayethubutu kuuliza. Ma Leokadia alikaa mkekani karibu na mlango, mikono mapajani. Binti wa Mwanza alikuwa amekuja, amekaa nyuma ya mama yake.

Ta Mutabuzi alizungumza vizuri. Ni mwinjilisti wa Kilutheri, kuzungumza anakujua. Alisema hana ugomvi na shemeji yake, ila ardhi ya ukoo ina macho, na sasa hata mbinguni kuna jicho limeona. Nikasubiri amalize. Nikaomba ruhusa, nikapewa, nikasimama.

"Waitu, ndugu zangu, mashine haikukosea," nikasema. "Miti ilikatwa kweli."

Ma Leokadia aliinua macho akaniangalia, na sitaki kuangaliwa vile tena.

"Ila haikukatwa kwenye kibanja hiki. Mpaka ulioko Ulaya ni mbovu, umevuka njia ya chini umeingia rweya. Aliyeuchora ni mimi. Sikutembea. Niliuchora nimekaa pale," nikaonyesha benchi, "siku ya tatu ya msiba, kwa simu."

Nilidhani watauliza habari ya miti. Ma Paskazia ndiye aliyezungumza kwanza, na hakuuliza miti.

"Kumbe ulikuwa unapima?"

"Ndiyo, Ma."

"Kahigi ana siku tatu?"

"Ndiyo, Ma."

"Na sisi tukakupa chakula."

"Nilikula, Ma."

Alinitazama, halafu akatazama pembeni. Nimewahi kupewa barua mbili za onyo katika utumishi wangu, moja na mkurugenzi. Zote mbili pamoja hazifikii pale. Niliomba radhi kwa Kihaya, kwa sababu kwa Kiswahili ilisikika kama taarifa.

Ndipo mmoja akauliza, kwa sauti ndogo, miti iliyokatwa rweya ilikuwa ya nani. Hakuna aliyemwangalia Ta Mutabuzi. Kwetu watu wote wakiacha kukuangalia kwa wakati mmoja, umeshaangaliwa.

"Ile ni misonobari yangu," Ta Mutabuzi akasema. "Nilipanda mwenyewe. Nimekata mbao zangu."

"Ni kweli, Ta," nikasema.

"Kwa hiyo Ulaya imeniona mimi?"

"Imeona miti. Wewe haikujui. Pale huna kahawa."

Mpaka leo sijui kama alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba nyekundu ile ni visiki vyake. Nadhani hakujua. Nadhani pia hakujisumbua kuuliza, na mimi ndiye mtu wa mwisho wa kumlaumu kwa hilo. Akajikusanya. Akasema basi, mstari urekebishwe, hana kipingamizi. Lakini marehemu hawezi kuendelea kuwa mkulima, na jina jipya lisiandikwe haraka haraka, ukoo ukae, uteue mtu, kwa utaratibu. Kila mtu pale alimjua mtu huyo ni nani.

Ta Rweyongeza akaniuliza sheria inasemaje. Nikasema sheria ya kurithi siijui, kwa hilo kuna baraza la ardhi. Fomu yangu inataka mtu anayelima. Inataka atembee mpaka wote mwenyewe, apigwe picha kila kona, na jina liandikwe pale pale shambani baada ya mstari kufungwa.

"Anayelima," Ma Paskazia akarudia. Akageukia upande wa mkekani. "Leokadia, unangoja nini? Mvua hiyo inakuja."

Tukatembea. Ma Leokadia mbele, mimi na simu nyuma yake, Joanitha, kisha ukoo mzima katika mstari mmoja kati ya migomba. Alikuwa anakwenda kutoka mlamula mpaka mlamula bila kutafuta, kama mtu anayezima taa nyumbani kwake. Kila kona alisimama wima, nikampiga picha, nikabonyeza. Kona ya tano Ta Mutabuzi akasema tumepitiliza, mpaka uko ndani zaidi, hapa hakuna mlamula. Ma Leokadia akainama, akafukua majani makavu ya migomba kwa mikono, shina la mlamula likaonekana, la zamani, limekatwa juu lakini linachipua. Akasimama kando yake. Nikabonyeza.

Upande wa chini tulifuata ile njia ya miguu yote, hatua kwa hatua. Ng'ambo kulikuwa na maharage kati ya visiki vya misonobari. Maharage yalikuwa mazuri, na nikamwambia Ta Mutabuzi hivyo, kwa sababu kazi ni kazi.

Najua mnataka kujua mashine ilijibu nini. Ilijibu baada ya siku tisa, ikabadilisha rangi kuwa kijani, bila pole wala samahani. Namba ikafunguliwa, kahawa yake ikapokelewa. Mimi nilijiandikia taarifa ya kosa langu, nikaisaini, ikawekwa kwenye faili langu wiki tano kabla sijaondoka. Hilo ndilo faili mtakalolikuta. Lisomeni.

Lakini ile Jumamosi hatukuwa tunajua yatakuwaje. Tulirudi uani matone yameanza, simu ikafunga mstari, ikaomba jina la mkulima. Nikalisoma swali kwa sauti, ili asije mtu akasema niliandika kwa siri tena.

"Andika Kahigi," Ta Mutabuzi akasema. "Mengine tutajadili."

Ma Leokadia alikuwa anafuta udongo mikononi kwa khanga. "Kahigi yuko pale," akasema, akielekeza kidevu kwenye kaburi kati ya migomba. "Hakutembea na sisi. Andika Leokadia."

Nikamwambia simu inataka majina matatu.

"Leokadia Nyakato Bernardo."

Bernardo ni baba yake mzazi, si jina la ukoo wa mumewe. Pale uani pakapita kitu, lakini Ma Paskazia alikuwa ameshaanza kukunja mkeka wake kwa ajili ya mvua, na yeye akikunja mkeka kikao kimekwisha. Nikaandika. Ma Leokadia akanifanya nimsomee tena, herufi kwa herufi.

Ikabaki picha ya mwisho, ya mkulima akiwa amesimama shambani kwake. Akaenda akasimama mbele ya mibuni. Ta Mutabuzi alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni, kama alivyosimama kwenye kila picha ya familia ile tangu kaka yake afe. Mimi nikasita. Joanitha hakusita, alichukua simu mkononi mwangu.

"Samahani, Ta," akamwambia, kwa adabu kabisa. "Umesimama ndani ya shamba lake."

Ilichukua muda. Mvua ilikuwa imeshaanza kulowesha kioo cha simu, na hakuna aliyesogea kwenda kujikinga. Kisha Ta Mutabuzi akatoka.